Kiwanja cha ziwani Kigoma: pima kimo, usipime hatua

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi Tabora miaka kumi na moja na sasa nimepata uhamisho kwenda Kigoma. Mimi na mume wangu tumeuza shamba letu ili tupate kiwanja huko. Dalali ametuonyesha kimoja upande wa Ujiji: tambarare, mchanga safi, hatua kama tisini kutoka majini. Anasema sheria inataka mita 60, kwa hiyo hatuna wasiwasi. Mume wangu anasema Ziwa Tanganyika halina pa kutokea, linajaa tu, ipo siku litaumeza mji. Baba mkwe, aliyefanya kazi ya reli Kigoma ujanani, anacheka: anasema lilipanda miaka ile baada ya uhuru, likashuka lenyewe, na litashuka tena. Tumsikilize nani? Na mji wenyewe ukoje kwa mtu wa Tabora mwenye watoto wawili? Wao wanataka kujua tu kama wataogelea."

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu kiwanja unachonieleza nakijua. Si hicho chenyewe, ni nduguye. Nilikinunua mimi mwaka 2006.

Miaka ile ziwa lilikuwa limeshuka, ufuko umekuwa mpana, watoto wanacheza mpira mahali ambapo leo mitumbwi inapita. Nikajenga vyumba viwili na choo cha shimo nyuma ya nyumba. Mwaka 2021 maji hayakuja kwa mbele kama nilivyokuwa nikiyatazamia. Yalikuja kwa chini. Asubuhi moja nilifunua mfuniko wa choo nikaona maji yanang'aa, yamebakiza kama futi moja kufika juu, na hakuna mtu aliyemwaga hata ndoo. Kisima cha jirani kikaanza kunuka wiki hiyo hiyo. Nyumba yenyewe ilisimama hadi 2024, ndipo sebule ikaingiwa. Na mimi ndiye niliyekuwa nikisoma rula ya maji kazini, ile inayoonyesha kimo cha ziwa, karibu kila siku ya Mungu. Mganga hajigangi.

Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyeliwa.

Nianze na mumeo. Si kweli kwamba ziwa halina pa kutokea. Ng'ambo, upande wa Kongo, mjini Kalemie, kuna mto Lukuga. Unatoa maji ziwani, unayapeleka mto Lualaba, yanakuwa Mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. Lakini mumeo hajakosea moja kwa moja, kwa maana mlango huo ni mdogo mno kwa nyumba kubwa kiasi hiki. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, urefu wake unapita kilomita 670, na mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Maji mengi yanayoliacha hayapiti Lukuga. Yanaondoka na jua, yanakuwa mvuke.

Sasa piga hesabu. Ili uso wa ziwa upande sentimita 1 tu, zinahitajika mita za ujazo milioni 329 hivi. Yakishaingia maji ya kulipandisha mita nzima, yatoke wapi haraka? Lukuga haiwezi kuyatapika kwa mwaka mmoja, na jua halifanyi kazi kwa pupa. Masika mengine yanalikuta ziwa bado na deni la masika yaliyopita. Ndiyo sababu mwaka mmoja wa mvua nyingi mara nyingi hausumbui watu. Miwili au mitatu ikifuatana ndipo vilio vinasikika. Na kwa kuwa ni beseni moja, vilio vinatoka kila upande: mwaka 2024 Bujumbura, Uvira na Kalemie waliyaona maji yale yale tuliyoyaona sisi.

Hapa kuna jambo ambalo wewe wa Tabora unastahili kulijua. Mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani ni Malagarasi, na mto Igombe wa kwenu unaishia humo. Ugalla nao vilevile. Mvua iliyokulowesha ukitoka zamu ya usiku hapo Tabora, ile isiyonyweka ardhini wala kupandishwa na jua, iko safarini kuja uani kwako Kigoma. Haiji mbio, kwa sababu njiani kuna mabwawa na matete ya Malagarasi na Muyovozi, ardhioevu kubwa inayoyakalisha maji kwanza kabla ya kuyaachia. Ukija kwa treni utauvuka mto huo, utazame vizuri.

Kwa kuwa maji hukusanyika msimu mzima, ziwa linafika juu kabisa mwishoni mwa mvua, Aprili na Mei, na kuwa chini kabisa Oktoba na Novemba. Tofauti ya kawaida ndani ya mwaka mmoja ni nusu mita na zaidi, pasipo mafuriko yoyote. Hukuniambia dalali alikupeleka mwezi gani. Nabahatisha: Oktoba.

Baba mkwe wako anasema kweli tupu kuhusu alichokiona. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zilipandisha maziwa yote ya Afrika Mashariki, na Tanganyika ikafika kilele mwaka 1964. Kisha ikashuka taratibu, mwaka hadi mwaka. Maji ya 2024 yalikaribia alama ile. Mzee anakosea mahali pamoja tu: anadhani alichokiona ndicho kikubwa kinachoweza kutokea.

Ukifika Ujiji, nenda penye mnara wa Livingstone, pale Stanley alipomkuta Novemba 1871. Simama hapo ulitafute ziwa. Utatembea kidogo kabla hujalowesha miguu, na wageni wengi hushangaa, maana wamezoea kusikia mkutano ule ulikuwa ufukoni. Siku hizo ziwa lilikuwa juu kuliko leo, na lilikuwa bado linapanda. Sababu ni ule mlango wa Lukuga: ulikuwa umeziba. Inaelekea ziwa lilikaa chini kwa miaka mingi hadi maji yakakoma kutoka, matope na mafunjo yakaota mlangoni, yakawa kizuizi. Msafiri Mwingereza Cameron alipita hapo 1874 na Stanley 1876, wakakuta mafunjo na tope. Kufika 1878 maji yalikuwa yamepanda juu sana, yakapenya, na mmishonari Edward Hore, aliyekuwa akiishi Ujiji, alikwenda Lukuga 1879 akakuta mto unakwenda kwa nguvu. Ndani ya miaka isiyofika ishirini ziwa likashuka takriban mita 10.

Mita kumi, mwanangu. Tambarare yote ile ya mchanga mzuri unayoonyeshwa ni sakafu ya ziwa iliyoachwa wazi. Chimba shimo la kufika kiunoni, utakuta makoa ya konokono wa ziwani na vijiwe vilivyolainishwa na mawimbi. Sikuambii kwamba mlango wa Lukuga utaziba tena kesho. Ninachosema ni kwamba ardhi ile ina mwenyewe, na mwenyewe amesafiri tu.

Sasa dalali. Mita 60 zipo kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaitaja ardhi ya namna hiyo miongoni mwa zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Lakini sheria hizo ziliandikwa kulinda ufuko, hazikuandikwa kukuhakikishia usingizi. Halafu muulize: mita 60 kutoka wapi? Maji ya Oktoba au ya Mei? Ya 2006 au ya 2024? Hatua zako tisini ni kama mita 63. Ufuko wa tambarare kama ule unaweza kuinuka mita 1 kwa kila mita 100 unazotembea. Maana yake kiwanja chako kiko juu ya maji kwa sentimita sitini na kitu. Hiyo ni panda-shuka ya mwaka wa kawaida. Hapo hujaweka mvua za ziada, hujaweka wimbi, hujaweka choo ambacho shimo lake linakwenda chini futi kumi kuyafuata maji yaliko.

Hapo kwenye choo nikae kidogo, kwa sababu wewe ni muuguzi na utanielewa upesi kuliko fundi. Kwenye mchanga, maji ya chini ya ardhi yanapanda na kushuka pamoja na ziwa. Ziwa likipanda nusu mita, maji ya chini ya uwanja wako nayo yanapanda, hata kama juu ni pakavu kabisa. Yanaingia shimoni mwa choo, yanachanganyika, yanatokea kisimani kwa jirani. Mtu anatazama nyumba yake haijaguswa, anasema ameokoka, kumbe kinyesi kimeshafika jikoni. Mkoa huu kipindupindu unakijua vizuri.

Basi mpime nini? Kimo. Msijali sana kiwanja kiko mbali kiasi gani na maji. Angalieni kiko juu kiasi gani. Kuna mahali Kigoma unaweza kujenga karibu na ziwa ukalala salama, kwa kuwa nyumba iko mgongoni mwa kilima, na kuna mahali uko nusu kilomita na bado uko ndani ya beseni.

Msitumie simu kupima kimo. Ile namba inayoonyeshwa na simu inaweza kukosea mita nyingi, na ninyi mnatafuta mita mbili tatu. Tumieni fundi mwashi na mpira wake mwangavu wa maji, ule wanaohamishia levo ya msingi. Kwanza mtafute alama ya 2024. Wenyeji watawaonyesha bila kuombwa mara mbili: mstari kwenye ukuta, mti uliokufa umesimama, kizingiti cha duka. Kutoka alama hiyo, fundi anapiga mambo, yaani vijiti vya kuchomeka ardhini, anajaza mpira maji, mmoja anashika ncha hii na mwingine ile, wanahamisha levo mambo kwa mambo hadi kiwanjani. Ni kazi ya asubuhi moja. Ikiwa udongo wa kiwanja uko chini ya alama, au juu yake kwa mita moja tu, mrudi mkanywe chai. Mimi sasa singejenga nyumba ya kulala watoto mahali palipo chini ya mita tatu juu ya alama ya 2024. Hiyo ni kanuni yangu mwenyewe, si ya serikali, na nimeilipia.

Mtabaki na machaguo, na hakuna lisilo na gharama.

Mnaweza kwenda mlimani, upande wa Bangwe au miinuko ya juu ya Kibirizi, mkaliona ziwa lote dirishani. Uzuri huo unalipiwa kwenye msingi. Mteremko unataka ukuta wa kuzuia udongo, mfereji wa kupitisha maji ya mvua, na kibali cha mtu aliyeuangalia udongo wenyewe, kwa sababu vilima vyetu vimevuliwa miti na korongo linaweza kuanza kama ufa wa kidole Novemba likawa la kuficha mtu Aprili. Kumbukeni pia tuko ndani ya Bonde la Ufa: Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga ziwani. Nguzo na mkanda wa zege si mapambo.

Mnaweza kukaa katikati, Mwanga au Gungu, ambako pako juu, soko liko karibu na daladala hazikatiki. Hamtaliona ziwa sebuleni. Mtalisikia kwa harufu ya dagaa, inatosha. Lakini hata huko msiseme tumelikimbia ziwa basi tumeyakimbia maji. Waulizeni watu wa Katubuka. Pale kuna bwawa katika bonde lisilo na pa kumwagia, na mvua zikizidi linaingia majumbani, wakati ziwa lenyewe liko mbali likitazama.

Au mnaweza kupanga mwaka mmoja, fedha ya shamba ikae benki. Hili ndilo ninalowashauri, ingawa najua mumeo hatalipenda. Dalali atasema bei itapanda. Itapanda, ndiyo. Lakini ukishaona Mei moja ya Kigoma kwa macho yako, utajua kuuliza maswali ambayo leo huyajui. Kile cha ufukoni mnaweza hata kukikodi kwa biashara ya kuanikia dagaa au kibanda cha chipsi. Vitu vya kubeba na kukimbia navyo ufukoni ni halali yao.

Umeniuliza mji ukoje. Ni miji miwili iliyooana. Ujiji ndiye mkubwa: ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka pwani, iliyopita hapo hapo kwenu Tabora, na wasafiri Waingereza Burton na Speke walipoufikia Februari 1858 waliukuta una soko lake na watu wake. Utasikia Kiswahili chenye ladha ya pwani kinywani mwa Wamanyema ambao babu zao walitoka Kongo, utaona makanzu Ijumaa, na miembe mizee ambayo wewe wa Tabora utaitambua mara moja. Ni ndugu wa ile ya kwenu. Kigoma yenyewe ni mdogo wake aliyesomeshwa na Wajerumani. Reli ilifika 1914, stesheni yao bado imesimama ikitazama bandari, na kutoka hapo Barabara ya Lumumba inapanda mlima kwenda Mwanga. Meli ya Liemba iliunganishwa bandarini hapo baada ya kuletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaelea 1915, ikazamishwa na wenyewe 1916 isitekwe, Waingereza wakaiopoa 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Watu wa Kigoma wanaizungumzia kama shangazi.

Usiku ni wa joto kuliko Tabora, maana mmeshuka zaidi ya mita 400. Mvua zinaanza Oktoba hadi Mei, pamoja na radi zitakazowafanya watoto walale kitandani kwenu. Kuanzia Juni ni ukavu na upepo wa kusi. Chakula hakitakusumbua: mgebuka wa kukaanga, dagaa wa Kigoma, mawese, ugali wa muhogo. Usiku wa giza simama mahali palipoinuka utazame ziwani, utadhani kuna mji wa pili huko. Ni taa za wavuvi, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwaka, taa zinapotea na bei ya dagaa inapanda, usimlaumu muuzaji. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa nchi zote nne za ziwa, ili samaki wazaliane. Walaji walinung'unika, na mimi nilinung'unika pamoja nao, ingawa naijua sababu.

Kabla ya kutoa hata shilingi, kuna milango ya kugonga kwa miguu, si kwa simu. Ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Kigoma Ujiji, waone mchoro wa mipango miji na wakuambie kiwanja hicho kimepangiwa matumizi gani. Kama hakimo kwenye mchoro, mazungumzo yameishia hapo. Ombeni upekuzi wa hati ili mjue mwenye jina ni nani. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa pekee hautoshi, hata akiwa mtu mwema. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko hapa hapa Kigoma, nao ndio wenye kumbukumbu za kimo cha ziwa. Waombeni vipimo vya Mei ya 2024, wawaeleze kwa lugha ya kawaida. Na kwa kiwanja cha mteremko, mpima ardhi aliyesajiliwa pamoja na mhandisi wafike wasimame juu yake. Mimi nakujibu kutoka kitini, sijakiona chenu.

Kama mmeshalipa malipo ya awali, msimfokee dalali. Mwambieni mnataka kukipima kwa mpira wa fundi kutoka alama ya 2024, na yeye awepo. Mara nyingi fedha hurudi kabla ya fundi kufika.

Watoto wataogelea. Wachague kwenye miamba na maji mangavu, si penye matete na maji yaliyotulia karibu na makazi, kwa sababu huko ndiko konokono wa kichocho wanakaa. Wasisogee mdomo wa mto Luiche, kuna mamba. Na kila mwaka wapimwe kichocho; hilo utalifanya mwenyewe kazini, huna haja ya kumwomba mtu.